Joto Nililolisahau Ndani ya Mita

Nakumbuka siku moja nikiwa kijana, nikitoka mtaa wetu wa Walukuba kwenda bohari ya mafuta hapa Jinja, kifua mbele, maana nilikuwa nimekabidhiwa mita mpya. Mwanangu, mita ile ilikuwa ya ajabu! Petroli hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Basi yenyewe ilisoma joto la mafuta bombani, ikakokotoa yangekuwa lita ngapi kwa nyuzi ishirini, kipimo walichokubaliana muuzaji na mnunuzi. Niliipenda kama vijana wengine wanavyopenda pikipiki.

Ili kuijaribu, nilizima kipimajoto chake nikaingiza ishirini kwa mkono. Jaribio likatoka safi. Kwa furaha nikatia sahihi fomu ya jaribio, nikaita lori la kwanza lipakie. Kukiwasha tena kipimajoto nikasahau. Haraka haraka haina baraka, lakini ujanani tunadhani methali hiyo walitungiwa wengine.

Dereva wa lori lile alikuwa Wafula, Mkenya wa Bungoma, mtu wa watu. Alipakia mchana wa jua kali, akafika Mbale asubuhi ya pili yake, kwenye mvua na baridi ya mlimani. Walipochovya kijiti cha kupimia kwenye tangi la lori, mafuta yalikuwa pungufu kuliko hati yetu ilivyosema. Mkuu wa kituo cha mafuta cha huko akaita polisi, kisha akampigia bosi wetu. Nilimsikia Wafula kwenye simu ile akijitetea, "Afande, mimi sijagusa mafuta. Sili zote za tangi ziko nzima, angalia mwenyewe."

Nami, Mungu anisamehe, nilisema moyoni kwamba madereva ndivyo walivyo.

Mzee Mugoya, fundi wetu mkuu, hakubishana na mtu. Alinipeleka kwenye mita, lori jingine likiwa linapakia.

"Soma joto."

"Ishirini, mzee."

"Sasa weka mukono kwa bomba."

Nikaweka. Bomba lilikuwa na joto la paji la mgonjwa wa malaria. Kidole kikakimbilia kitufe nirekebishe upesi, mzee akakishika.

"Ukifunika hii sasa, ule ndugu ataenda jela na wewe unajua. Kwanza piga simu Mbale. Sema ni wewe."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nikapiga, nikajitaja. Kisha tukachukua joto la tangi la bohari lililoandikwa jana yake, tukakokotoa upya, na namba zilipoanza kukaribiana na zile za Mbale nilisahau hata aibu yangu, nikawa narukaruka pale ofisini. Mafuta hayakuibwa, mwanangu. Yalikuwa yamesinyaa tu, na mimi ndiye niliyeikataza mita kulijua hilo. Wafula akaachiwa mchana uleule.

Aliporudi Jinja nilitarajia kofi. Akanitazama weee, akasema, "Wewe ndiye umenitoa. Lakini pia ndiye uliniingiza." Kisha akacheka, nami nikalia.

Basi nakuusia. Ukimaliza kujaribu mashine, rudisha kila ulichokibadilisha, na ushike bomba kabla ya kushika kalamu. Mashine huamini unachoiambia, hata kikiwa uongo. Na mwenzako akishikwa kwa kosa lako, usingoje kuulizwa. Jitaje mapema, hata kama unaogopa.

Mungu aibariki mikono yako, akupe wakubwa wa kukukemea ungali na muda wa kusikia, na asikupe usingizi hata usiku mmoja mwenzako akiwa ndani kwa sababu yako.