Kigari cha Wifi Nilichokifukiza Udi

Jamani, hii aibu nilitaka kwenda nayo kaburini, lakini kwa kuwa nusu ya wanawake wa Mtoni waliiona kwa macho yao, na wengine sasa wanaitia chumvi, bora niisimulie mwenyewe. (Na hapana, mtoto hakuungua, hakuwemo hata kilipoungua.)

Ilikuwa arobaini ya kuzaliwa kwa mwanangu Nasri. Wifi yangu Zuhura, dada wa mume wangu, akaniazima kigari chake cha mtoto ili tumtoe nacho mbele ya wageni. Mjue hicho kigari si cha mchezo. Alikinunua miaka sita iliyopita akiwa mjamzito, mimba ikaharibika, na tangu hapo Mungu hajamjalia tena, kwa hiyo hakijawahi kulaliwa na mtoto. Akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Wifi, kina vumbi tu. Kipanguse na kitambaa kibichi, usikiloweke. Unirudishie kama kilivyo."

Sasa mie na usafi wangu wa kujifanya! Siku mbili kabla ya shughuli nikakiangalia, nikaona kupangusa hakutoshi, watu watasema. Nikachukua beseni, sabuni ya unga na brashi, nikakisugua mpaka sponji ya kukalia ikashiba maji. Magurudumu nikayachokonoa kwa mswaki wa zamani, maungio nikayatia mafuta ya cherehani, kikawa kinateleza chenyewe (hapo niacheni nijisifu, ndo sifa yangu ya mwisho humu). Nikakianika, mvua ikashuka. Jua likatoka dakika kumi, nikakitoa, mvua ikashuka tena, nawaambieni mvua ile ilikuwa inanichungulia! Kesho yake mchana sponji bado mbichi na inanuka uvundo. Mume wangu Shabani akapita anatafuna zake mhogo, akasema, "Si dada alikwambia upanguse tu?" Nilitamani nimloweke yeye.

Ndo nikapata akili ya udi. Sie nguo za shughuli tunazifukiza, chetezo chini, nguo juu, moshi unapanda na uvundo unakwisha. Nikasema hapohapo na joto la makaa litakausha sponji. Nikasukuma chetezo chini ya kigari, nikaongeza makaa (ya nini, Mola wangu?), nikaenda kuchambua mchele wa pilau. Nakuja kushtuka, harufu ya udi imegeuka harufu ya plastiki. Kukimbilia, nakuta chini ya kiti pana tundu la upana wa sahani, sponji imeyeyuka inadondoka.

Hapo ndipo mwenye akili angempigia simu Zuhura. Mie nikachukua khanga, nikaikunja mara nne, nikaishonea kwenye tundu, juu nikatandika shuka la mtoto. Nikajaribu kwa mfuko wa unga wa kilo mbili, ukakaa. (Nasri alikuwa na kilo tano. Msiniulize.)

Siku ikafika. Ua wa mama mkwe umejaa, kasida zinaimbwa, vigelegele, na mama mkwe mwenyewe anakisukuma kigari taratibu katikati ya wanawake. Zuhura kasimama mbele, kaziba mdomo kwa mtandio, machozi yanamlengalenga. Mie nilikuwa natabasamu huku nasoma kila dua ninayoijua. Ghafla bibi mmoja aliyeketi mkekani, anayeona ya chini kuliko sie tuliosimama, akauliza kwa sauti, "Huyo mtoto mbona mguu wake uko huku?"

Kasida ikakatika. Soksi nyeupe ya mwanangu inaning'inia chini ya kigari, inapiga mateke, na mwenyewe juu kakodoa macho hana habari. Mama mkwe akamwinua haraka, shuka likaja naye, khanga ikadondoka, na tundu langu lote likabaki hadharani na kingo zake nyeusi.

"Ni panya," nikasema. Panya, jamani!

"Panya gani anavuta udi?" akauliza mama mkwe, na ua mzima ukaangua kicheko, isipokuwa mtu mmoja.

Zuhura alishika kigari chake akakiingiza ndani. Nikamfuata, nikapiga magoti, nikamweleza yote, beseni, mvua, makaa, hata ule unga. Akawa anapitisha kidole kwenye kingo za lile tundu, mpaka nikatamani anizabe kofi.

"Tundu si kitu, lingezibwa," akasema mwishowe. "Wifi, miaka sita watu wananificha kila kitu cha watoto. Mtu akishika mimba, mie ndo wa mwisho kuambiwa, eti wanaogopa nitalia. Kigari nilikupa wewe kwa sababu wewe ulikuwa hunifichi."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Kigari nilikipeleka mwenyewe kwa fundi wa makochi, kikawekwa sponji mpya, na Zuhura amenisamehe, au niseme anaendelea kunisamehe kidogokidogo. Lakini nimejiapiza: kitu cha mtu kikiharibika mikononi mwangu, mwenyewe ndo atakuwa wa kwanza kujua, hata kama wageni wameshafika mlangoni.