Nilimkatalia jirani kuchunga mbuzi mlimani, kisha nikawapeleka mwenyewe wageni waliong'oa okidi zetu

Wakuu, poleni na majukumu. Leo nimekuja na hasira, mnivumilie.

Ninachoandika kimenipata mimi mwenyewe Januari hii. Nitakisema chote, hata pale panaponiaibisha.

Mimi ni mwalimu wa kike, nafundisha Biology sekondari moja hapa Same. Nyumbani kwetu ni huko juu, maeneo ya Mhezi. Wengi wenu Same mnaijua kwa dirisha la basi, vumbi, mkonge na jua, mkadhani wilaya nzima ndiyo hiyo. Ukipanda mlimani unakuta migomba, baridi na ukungu mpaka saa nne asubuhi.

Juu ya mashamba ya kijiji chetu kuna uwanda wa nyasi. Jina lake silitaji, mtaelewa kwa nini.

Ukipita pale kiangazi unaona majani makavu tu. Lakini mvua za vuli zikishanyesha na jua la Januari likaanza kupiga, pale mahali panachanua. Mimi nilianza kulipenda somo langu pale, kabla hata sijajua kwamba linaitwa somo.

Miaka miwili iliyopita niliona maua yanapungua. Mbuzi walikuwa wanayala kabla mbegu hazijaanguka. Nikaenda mkutano wa kijiji, nikaomba upande wa juu upumzishwe, mifugo isiingie kuanzia vuli mpaka mbegu zianguke.

Aliyenipinga kuliko wote alikuwa jirani yetu, nitamwita Mama Nakijwa. Ni mjane, ana mbuzi saba. Alisimama akasema mwalimu anaongea vizuri kwa sababu mshahara wake hauli majani.

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka.

Ombi langu likapita, na Mama Nakijwa akatii. Tangu hapo akawa anakata majani bondeni na kuyapandisha kichwani. Nikikutana naye njiani nampa shikamoo, ananiitikia marahaba, anapita na mzigo wake. Hakuwahi kuniongelea tena habari ya mkutano.

Na maua yalirudi kweli. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Sasa twende kwenye kisa.

Mwenzangu niliyesoma naye chuo akaniunganisha na kiongozi wa group la watembeaji kutoka Dar. Wenyewe wanamwita Kapteni. Alinipigia kwa heshima zote, akasema wanachama wake wamechoka na joto la mjini, wanataka kuona vipepeo, ndege na maua ya mlimani, wamesikia mimi ndiye ninayepajua.

Wakuu, sifa zinalevya. Nilikubali hapo hapo.

Nikamtumia masharti kwa ujumbe: hakuna kuchuma, hakuna kukamata, tunafuata njia moja. Akanijibu kwa alama ya kidole gumba.

Mwenyekiti wa kijiji nilimjulisha kwa simu. Wanakijiji wengine sikuwaambia kitu.

Jumamosi wakafika na Land Cruiser mbili, watu kumi na wawili. Tukaacha magari barabarani, tukapanda kwa miguu.

Nisiwe mchoyo wa ukweli, saa mbili za mwanzo zilikuwa tamu. Tuliona fumbwe dume, yule ndege mweusi ambaye msimu wa kuzaliana anaota mkia mrefu kuliko mwili wake, akiruka juu ya nyasi kwa shida kama mtu anayeburuta kanga. Tuliona chozi, ndege wadogo wanaofyonza utamu wa maua, wakining'inia kwenye maua mekundu, midomo imezama ndani. Penye tope kulikuwa na vipepeo weupe wadogo wengi wakinywa maji, ukisogea wanainuka wote kwa pamoja kisha wanarudi pale pale.

Kulikuwa na dada mmoja mhasibu, nitamwita Rehema. Alilala kifudifudi na suruali yake mpya ili aangalie ua la njano dogo kuliko kifungo cha shati. Akaniuliza linaitwaje. Nikamwambia la kitaalamu silijui, la Kipare wanalijua mama zetu. Alicheka, akasema basi tungekuja na mama zenu.

Lile neno lilinipita tu wakati ule.

Chini ya miamba kuna okidi zinazoota ardhini. Nyeupe zenye ukijani kwa ndani, zinafika magotini. Niliwaonyesha mimi. Nikaeleza kwamba mmea ule unakaa miaka chini kabla ya kutoa ua, na unaishi kwa kushirikiana na kuvu wa udongo ule ule, ukiuhamisha mara nyingi unakufa.

Kapteni alisikiliza kwa makini kuliko wote. Aliuliza hata mizizi inaenda kina gani.

Tulipotaka kuendelea hadi ukingoni, akasema goti linamsumbua, atabaki na vijana wake wawili wapumzike kisha watatutangulia kwenye magari. Nikamwambia pole.

Tukaenda, tukakaa kama saa moja na nusu.

Wakati wa kurudi nikaona mashimo. Kwenye zile okidi palibaki udongo mwekundu uliochimbuliwa na majani yaliyokanyagwa.

Mniamini au msiniamini, wazo la kwanza kichwani mwangu lilikuwa Mama Nakijwa. Nikasema moyoni, huyu mama ameamua kunikomoa, ameachia mbuzi. Nimesoma mimi, nafundisha watoto wa watu, na nilisahau kwamba mbuzi hachimbi shimo la mviringo kwa jembe.

Ni Rehema aliyeinama akaniambia hizi ni alama za chuma.

Tukateremka haraka. Tulipofika barabarani tulimkuta Mama Nakijwa amesimama nyuma ya gari la Kapteni, mundu mkononi, mzigo wa majani ameulaza kwenye tairi kwa nyuma ili gari lisirudi nyuma, maana mbele yake ni ukingo wa mlima. Alikuwa anakata majani ng'ambo ya bonde na aliwaona wakichimba toka mwanzo. Kapteni na vijana wake wamekaa ndani ya gari, vioo juu.

Nikamwamkia. Hakuitikia. Akanionyesha buti la gari kwa kidole.

Nikamwomba Kapteni afungue. Akateremsha kioo kidogo, akaniambia nisimdhalilishe mbele ya wanachama wake.

Nikarudia. Akasema:

"Madam, haya ni maua ya porini. Hayana mwenyewe."

Hapo Mama Nakijwa akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Mbuzi wangu uliwakatalia, Mwalimu. Hawa wenye jembe ukawaleta kwa mkono wako."

Wakuu, sina cha kuongeza kwenye sentensi hiyo. Mpaka leo naisikia nikiwa darasani.

Aliyemfungulisha buti ni Rehema. Alimwambia kwamba bila hivyo anapiga picha namba za gari na kuzirusha kwenye group. Buti likafunguliwa.

Viroba vitatu vimejaa okidi, na udongo wake. Jembe dogo la bustani. Na chupa kubwa ya plastiki ya maji imejaa vipepeo, wengine wanapigapiga kwenye plastiki, wengine wameshakufa chini wamegandana.

Nilidhani nimeona la mwisho, kumbe bado. Rehema alikuwa anapekua simu yake mwenyewe, akanipa nisome. Asubuhi ile, kabla hata hatujaanza kupanda, Kapteni alikuwa ameweka status kwamba mzigo wa okidi za Upareni unaingia Dar Jumatatu, wenye uhitaji waweke oda mapema.

Mtu huyu hakuja kutembea. Wale wenzake wote, na mimi juu yao, tulikuwa kifuniko chake.

Nikampigia mwenyekiti. Alikuja kwa pikipiki, akasikiliza, akaangalia viroba. Nilitegemea atawaka. Akanivuta pembeni akaniambia, "Madam, si maua tu haya? Tukigombana na wageni, kesho nani atakuja?"

Kapteni akaandika barua ya kuomba radhi kwenye daftari la kijiji, mistari minne, akapeana mkono na mwenyekiti, akawasha gari. Kwangu hakusema hata samahani. Usiku huo akaniblock mimi, na kumwondoa Rehema kwenye group.

Viroba na ile chupa nilikuwa nimeshavishusha mwenyewe kabla hajaondoka, hilo hakuthubutu kunizuia. Rehema na wengine watano walikataa kuondoka, tukarudi mlimani pamoja na Mama Nakijwa kuzirudishia zile okidi ardhini. Vipepeo waliokuwa hai tuliwaachia. Wachache waliruka, wengine walitembea kwenye majani kama wamesahau kazi ya mabawa.

Mama Nakijwa alitupandia mimea mingi kuliko sisi wote. Alikuwa anajua kila moja inataka kukaa vipi. Nilipomuuliza amejuaje, alinijibu kwamba amechunga pale tangu akiwa msichana, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wiki tatu baadaye nyingi zilikuwa zimenyauka. Zilizoshika ni za kuhesabu kwa vidole.

Kisha ukaitishwa mkutano wa kijiji. Wenye mifugo walisimama mmoja mmoja. Hawakunitukana, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Walisema tu kwamba kama pale ni pa kufungiwa wenyeji na kufunguliwa wenye magari, basi zuio life. Mwenyekiti aliangalia kalamu yake.

Mama Nakijwa aliposimama akasema mbuzi warudi, ila wachungwe upande wa chini ya njia mpaka mbegu zianguke, na mgeni yeyote apite kwanza mbele ya mkutano.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono.

Na mimi nilinyoosha.

Nilichojifunza ni hiki. Nilipoona maua yanaisha niliwatazama kwanza walio chini yangu, nikawaamrisha, kwa sababu ilikuwa rahisi. Mwenye gari na lugha nzuri nilimpa masharti kwa simu, nikaridhika na kidole gumba. Na yule aliyekuwa anakijua kile kilima kuliko cheti changu nilikuwa nampa shikamoo na kupita.

Mama Nakijwa sasa ananiitikia. Kuniamini bado, na ana haki.

Wenye uelewa wa sheria humu, mtu aking'oa mimea kwenye ardhi ya kijiji na kwenda kuiuza, anashtakiwa wapi, na kijiji kinaanzia ofisi ipi? Na wale mnaonunua okidi za porini mjini mkaziweka barazani, karibuni pia mtoe maoni. Nawasubiri kwa hamu kubwa zaidi.