Vitenzi Vyenye Mkia

Zamani, mtu wa Ufipa aliyejua Kiingereza alikuwa amekitolea jasho kitabuni miaka na miaka, na akifungua kinywa watu walinyamaza. Siku hizi kinaokotwa stendi pamoja na maganda ya miwa, na anayenyamaza ni mwenye kitabu.

Evaristi wa Milanzi alikuwa mwenye kitabu. Kiingereza chake alikipata misheni, alikokuwa akiranda mbao ujanani, mikononi mwa padri mmoja Mholanzi. Padri huyo naye hakunyonya Kiingereza kwa mama yake. Alikisoma ukubwani, Kilatini kikiwa kimekwisha kumjaa kichwani, na akakifundisha hivyo hivyo. Moto hauwi put out, alimwambia Evaristi, moto hufanyiwa extinguish. Kuvumilia si put up with, ni tolerate. Vitenzi vyenye heshima vilitoka Roma. Vile vingine, vinavyotembea na vijineno nyuma yake, up na off na out na over, padri alisema ni kama mtu anayeingia kanisani na mbwa wake.

Evaristi hakuisahau kauli hiyo. Kwa miaka mingi alifundisha watu wazima kila alasiri katika ghala la chama cha ushirika: makarani, dereva wa trekta, mhudumu wa zahanati. Mwanafunzi akikutana na give up au carry on kwenye gazeti la zamani, aliambiwa akate mkia abaki na kichwa, halafu atafute kitenzi cha maana. Waliomaliza kwake waliandika barua ambazo mabwana shamba walizisoma wamesimama wima.

Kisha zikaja siku za soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, ushirika ukafa, ghala likapangishwa kwa muuza mitumba. Darasa likahamia uani kwa Evaristi, likapungua, likabaki na mwanafunzi mmoja: Rozina, kitinda mimba wake, aliyekaa naye tangu mama yake alipofariki. Rozina alipika, alilima, alichota maji, na jioni alisoma vitenzi vya Roma. Wenzake aliopokea nao komunyo ya kwanza walikwisha kuolewa wote.

Mwaka ule mradi wa visima wa wageni ulifungua ofisi mjini, ukatafuta mtu wa kupokea watu na kutafsiri. Evaristi alimpigia binti yake pasi gauni kwa mkono wake mwenyewe, akamsindikiza hadi barabarani. Rozina alirudi kabla jua halijafika utosini.

"Wamesemaje?" Evaristi aliuliza.

"Sikuwaelewa, baba."

"Hukuwaelewa! Kiingereza si kile kile?"

"Si kile. Yule mama Mzungu anaongea kwa vile vya mkia. Vyote. Kaa chini, jaza hapa, subiri kidogo, kila kitu kina mkia. Nikamwambia, I shall endeavour to comprehend. Akacheka mpaka akatoa leso."

"Akacheka nini?"

"Aliniomba radhi, baba. Si mtu mbaya. Alisema nikajifunze mpaka mahindi yakomae, nirudi tena, nafasi atanishikia." Rozina alivua viatu akavishika mkononi. "Yonas anaweza kunifundisha."

Yonas alikuwa kijana aliyezaliwa Kitwe, Zambia, baba yake Mfipa aliyekwenda kuchimba shaba asirudi. Yeye alirudi mtu mzima, akawa dalali wa mahindi kati ya Laela na Sumbawanga. Alisalimia wazee kwa "mambo" kisha akajirekebisha.

"Kiingereza cha mgodini," Evaristi alisema. "Cha vilabuni."

"Hanywi, baba. Ameokoka."

"Hapa kwangu hapana."

Rozina aliingia jikoni, na tangu siku ile akisomeshwa alikuwa akitazama kitabu kama mtu anayetazama ukuta. Evaristi aliona. Alijua pia jambo ambalo hakulisema: binti akiikosa kazi, atabaki naye, akiipata, nyumba itabaki na mtu mmoja, na kila alichofundisha maisha yake yote kitakuwa kimeonekana hakitoshi hata kupokea wageni mlangoni. Akasali mahindi yachelewe.

Mvua zilipokaribia kwisha, Evaristi aliita watu wamlimie matuta, yale ya kufukia nyasi zioze chini ya udongo kwa ajili ya ulezi wa mwaka unaofuata. Wengi siku hizo walikwisha kuacha, walinunua mbolea ya dukani. Yeye aliita watu kwa namna ya zamani, kwa pombe ya ulezi aliyopika Rozina. Wakaja wachache, wazee wenzake na jirani yake Wilibrodi. Na Yonas akaja, hakuna aliyemwita, na jembe la kuazima begani.

Kijana alilima. Hakujua namna ya kupindua bonge la nyasi, alilipindua upande usio wake, Wilibrodi akamcheka na kumwonyesha. Mikono ilimtoka malengelenge, akafunga kitambaa akaendelea. Walipoketi kuzunguka chungu, yeye alikaa pembeni akanywa maji.

Sasa, kwa akina Evaristi palikuwa na desturi. Mtu aliyekulimia shamba akaondoka bila kunywa alikuwa amekuvua nguo. Huwezi kumpa hela, hela ni tusi. Unamuuliza mbele ya wote waliokunywa anataka nini, na akitaja, unampa. Evaristi mwenyewe ndiye aliyewasimanga vijana wa Milanzi, mwaka mmoja nyuma, kwa kuisahau.

Wilibrodi alifuta povu mdomoni. "Evaristi, hujamuuliza kijana."

"Nani anasema simuulizi?"

"Nakuona unatazama mawingu. Au desturi nayo umeiuza kwa wanunuzi binafsi?"

Wazee wakacheka. Evaristi alizungusha macho akitafuta wa kumtetea, akaona nyuso zile zile alizozihubiria siku zote. Rozina alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, kibuyu mkononi, hamwagi wala haweki chini.

"Haya, kijana. Sema unachotaka."

Yonas alichutama akapiga makofi ya heshima, vibaya, kama mtu anayekung'uta unga. "Mzee, nataka nimfundishe Rozina Kiingereza. Hapa hapa uani, ukiona kwa macho yako."

"Mkwe huyo!" Wilibrodi alipiga kelele, na safari hii hata wanawake waliokuwa nyuma ya jiko walicheka.

Evaristi alisema ndiyo. Angesema nini?

Basi kila alasiri Yonas alikuja, na Evaristi alikaa kwenye kigoda chake akichonga mpini, shavu moja limeelekea kwao. Kijana hakuwa na kitabu. Alibeba ndoo, akaitua: put down. Akavaa koti: put on. Akamwambia Rozina shughuli ya leo ifanyike kesho: put off. Taa, ugomvi, mgeni wa kulala, hasira, vyote vikapita katika kitenzi hicho hicho kimoja, kikibadilisha mkia tu. Rozina alicheka. Evaristi hakukumbuka kama aliwahi kumsikia akicheka na Kiingereza.

Siku moja alishindwa. Alitupa mpini chini. "Lugha gani hii? Kitenzi kimoja kinatumwa kila mahali kama mtoto yatima! Put, put, put! Mtu atajuaje maana?"

"Shikamoo, mzee," Yonas alisema, maana kila alipogombezwa alianza na hiyo. "Kwani sisi hatufanyi hivyo? Tunapiga pasi. Tunapiga mswaki. Tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga hodi, tunapiga magoti. Nani kapigwa hapo?"

Rozina aliziba mdomo kwa kanga. Evaristi aliinuka akaenda kutazama mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Huko zizini, peke yake, alijaribu. Alisema put off. Alisema look after, na get by, na run out of. Maneno aliyajua moja moja, hata mtoto angeyajua, lakini kila alipotaka kuyatumia ulimi ulikimbilia Roma na kurudi na kitenzi kirefu. Alijaribu tena kesho yake, na juma lililofuata. Alichokijenga kwa miaka arobaini kilikuwa kimemzunguka pande zote na hakikuwa na mlango. Angeweza kumwomba kijana amfundishe naye. Angelazimika kukaa mkekani kando ya binti yake na kubeba ndoo na kuitua. Wilibrodi angepita.

Hakuomba.

Mahindi yalikomaa kwa wakati wake. Rozina alikwenda kwa yule mama, na hakurudi mpaka jioni, kwa kuwa walimwanzisha kazi siku hiyo hiyo. Miezi michache baadaye mradi ulimhamishia upande wa Laela, na Yonas akamwoa huko, kanisani kwao kwa waliookoka. Evaristi hakwenda. Alisema harusi isiyo na padri hawezi kuihudhuria, na akishasema jambo Evaristi hakuwa na namna ya kulifuta. Rozina alimtumia sukari na mafuta ya taa kupitia watu, kila mara na salamu. Yeye alirudisha salamu, basi.

Aliwaona kwa mara ya mwisho Laela, msimu wa kuuza wa mwaka wa pili. Alipeleka magunia yake mwenyewe, ushirika ukiwa hauko tena wa kuyafuata nyumbani, na vijana wa mnunuzi walikuwa wakiyapandisha kwenye mizani. Kila mtu alijua kwamba ukigeuza uso tu, mizani inasema uongo. Evaristi alikuwa ameshika chuma cha mizani kwa mkono mmoja pale Rozina alipotokea ng'ambo ya barabara, amenenepa kidogo, amebeba mtoto wa kike mgongoni, akiongea na wafanyabiashara wa Zambia huku Yonas akifungua nyuma ya pikapu. Aliongea haraka, mikia yote mahali pake, na wale Wazambia walimjibu bila kumcheka. Mtoto alilia. Rozina aligeuza shingo akamwambia neno, kwa Kiingereza, mtoto akanyamaza.

Evaristi alianza kutunga sentensi. Alitaka kumsalimia mjukuu, na Kifipa hakujua kama mtoto anakifahamu, na Kiswahili alikiona kidogo mno kwa jambo kubwa kama lile. Akachagua kitenzi. Akakibadilisha. Akaongeza cha pili, kirefu zaidi.

"Mzee, umeshika mizani, tutapimaje?" kijana wa mnunuzi alisema. "Achia au toka."

Hakuachia. Magunia yalikuwa bado manne, na sentensi ilikuwa bado haijakamilika. Ng'ambo ya barabara Yonas alifunga mlango wa nyuma, Rozina akapanda mbele na mtoto mapajani. Pikapu ikageuka kuelekea Tunduma.