Maji Aliyonitemea Mama

Nilimwonea wivu mwanamke aliyekuwa akimwogesha mama yangu, na sitatafuta jina la adabu la kuuita.

Mama aliletwa nyumbani kwangu Mjambere baada ya madaktari kusema hakuna la kufanya tena ila kumtuliza maumivu. Nikachukua likizo, nikanunua godoro jipya, nikajiambia kwamba siku zake zilizobaki zitakuwa zangu. Mimi ndiye mwanawe pekee. Nani mwingine angezidai? Kisha zahanati ikatuletea mhudumu, mwanamke wa makamo kutoka bara, awe anakuja kila asubuhi.

Siku ya kwanza alimwita "shosho". Nilifurahi kimoyomoyo, maana nilijua hatasalimika. Mama akafungua jicho moja.

"Mie si shosho. Kwetu Giriama bibi ni hawe."

"Nisamehe, hawe." Yule mwanamke akapiga goti sakafuni. "Nifundishe tu. Ungetaka nani akuogeshe?"

Swali hilo mimi sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nimekwisha kuandaa beseni.

"Weye," mama akasema. "Mwanangu hafai kuniona utupu."

Nikatolewa chumbani mwangu mwenyewe. Nilisimama ukumbini na taulo mkononi, nikisikiliza maji yakimiminwa na mama akicheka. Tangu aje kwangu hakuwa amecheka hata mara moja.

Ikawa hivyo kila siku. Supu yangu ya kuku, niliyoichemsha tangu alfajiri, mama aliionja akageuza uso. Yule mwanamke akamuuliza roho yake inataka nini, akaambiwa mtsunga, ile mboga chungu ya kwetu ambayo mimi niliiacha zamani nikijiona mtu wa mjini. Kesho yake akaja nayo kwenye mfuko, akaniuliza nazi yake huungwaje. Nilimwonyesha kwa kununa. Mama alikula vijiko vitano, na vyote vitano alilishwa na mkono wa yule. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nilizidi kuugua. Nilifika hata kumwomba Mungu, mimi mwimbaji wa kwaya, kwamba mwanamke huyo apate mafua akae kwao.

Jumatano moja alichelewa. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nilivaa dera langu zuri, nikajaza kikombe maji, nikampa mama kwa kijiko. Aliyapokea. Akanishika mkono nisogee, nikasogea. Ghafla akayatema yote kifuani pangu.

Roho iliniuma mno. Mkononi mwa yule anakula hata mboga chungu, mkononi mwangu hata maji hayapiti! Nilikwenda kubadilisha nguo, nikalifua lile dera papo hapo, kwa hasira na sabuni nyingi, nikalianika uani. Mhudumu alipofika nilimpita mlangoni bila salamu.

Asubuhi iliyofuata alinifuata jikoni.

"Dada, usikasirike. Jana hawe alilia sana. Nikamuuliza ni maumivu, akasema hapana, alikuwa anakubariki na wewe ukaenda kubadilisha nguo. Sasa hiyo maji ilikuwa ya nini?"

Nilishika ukingo wa meza. Kwetu mzee anapombariki mwanawe hupiga funda la maji, akampulizia kifuani. Nyanya yangu alinifanyia hivyo siku niliyokwenda shule ya bweni, na nilikwenda na blauzi ikiwa imelowa, nikiringa. Haya yote nilikuwa nayajua. Ila wivu ulikuwa umenijaa hata nikahitaji mtu wa bara anieleze mila yangu.

"Na wewe amekubariki?" nikauliza. Hata wakati ule, hilo ndilo nililotaka kujua kwanza.

"Hapana. Alisema hiyo ni ya mtoto."

Nilikwenda uani, nikalianua lile dera na kulivaa. Lilikuwa limekauka kabisa na kunukia sabuni tupu. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nimerudi. Nibariki."

Nilimpa maji kwa kijiko, yakamtiririka shavuni. Tangu usiku alikuwa hawezi tena kushika kitu kinywani. Nilijaribu tena, yakamwagika tena. Kwa mara ya kwanza nikamwomba yule mwanamke anisaidie.

Alikaa upande wa pili, akamwinua mama kichwa kwenye mkono wake, akachovya kitambaa cha bandeji na kukikamua polepole kati ya midomo. Mama alinitazama. Akakusanya pumzi aliyokuwa nayo, akapuliza.

Yalitoka matone mawili. Moja liliniangukia kifuani. La pili lilimwangukia yule mwanamke mkononi, pale alipokuwa amemshikilia, naye hakulifuta. Mama alifariki Ijumaa, na hadi leo namwonea wivu kwa tone lile moja.