Bendi ya Bustanini

Ijumaa iliyopita bendi ya tarumbeta ilipiga kwenye bustani iliyo karibu na ninapokaa, mtaa wa Mankhool huku ughaibuni, na harufu ya nyasi zilizotoka kumwagiwa maji ikanirudisha kwenye mkeka wa mama.

Alasiri ile ya utoto wangu tulikuwa tumeketi bustanini, huku huku ugenini, na Bi Zuhura, shoga yake mama kutoka Unguja, na sambusa zilikuwa bado za moto kwenye hotpoti. Mara wanaume wenye sare na kofia wakaingia getini. Kabla ngoma haijalia, mama alikuwa ananivisha viatu.

"Ni wapiga muziki tu, kaa kitako," alisema Bi Zuhura.

"Kofia ni kofia," mama akajibu. Kisha akaninong'oneza, "Tembea. Usikimbie, na usigeuke nyuma."

Akanishika mkono, tukaelekea nje. Kwetu Tanga tarumbeta humsindikiza bibi harusi, basi nikadhani ile ni harusi ya watu, na sisi tunatoroka kwa sababu hatukualikwa. Niliona haya. Tarumbeta zikalia tamu nyuma yetu, nami nikageuka kumtafuta bibi harusi. Mama alinifinya mpaka machozi yakanitoka.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba viza yake ilikuwa imekwisha.

Yangu ni halali. Ijumaa iliyopita nilitandika mkeka mbele kabisa, binti yangu akawa anacheza pekupeku kwenye nyasi. Lakini wale wenye kofia walipoinua tarumbeta zao, mikono yangu ilikuwa imeshamvisha viatu.