Penseli Ndani ya Mtutu

Sikumwamini tangu alipovua viatu mlangoni. Mtu amekuja kuuza bastola, halafu anapanga viatu vyake taratibu na kuulizia afya ya nyumba nzima mpaka kuku? Nikajua kuna jambo. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki kutoka Kilwa Masoko, rika langu, ananukia udi. Polisi hapa Lindi tulishapita, ruhusa ya kuhamisha umiliki ilikuwa mezani, na kilichobaki ni mimi kuikagua silaha na kuikubali.

Nashiriki mashindano ya silaha tatu: raifo, shotgani na bastola, zote katika mbio moja. Ukimaliza shabaha za bastola unafunga kizuizi cha usalama, unaiacha kwenye sanduku la mbao ikiwa bado ina risasi, unakimbilia silaha inayofuata. Kwa hiyo unahitaji bastola unayoweza kuipa kisogo. Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye hushika saa na kunifuata hatua mbili nyuma. Yeye ndiye aliyenisukuma nitafute bastola iliyo salama zaidi. Mimi yangu niliiamini. Nilichotaka ni inayobeba risasi nyingi.

Mgeni akafungua kitenge, akatoa magazini ya risasi, akanionyesha chemba tupu. Nilichungulia mara mbili. Ilikuwa safi kupita kiasi, na hilo nalo likaniudhi.

"Umeing'arisha kwa ajili yangu," nikamwambia.

"Naisafisha kila Ijumaa, bwana. Kwetu chumvi haina simile."

Majibu yake yalikuwa tayari tayari, nayo sikuyapenda. Nikamwomba mke wangu penseli na mwiko. Alikuwa anasahihisha madaftari. Alivileta bila kuuliza, maana jaribio hili analijua. Unadumbukiza penseli ndani ya mtutu tupu, unaelekeza mtutu juu, unaikoki bastola na kufunga kizuizi. Kisha unavuta triga, na unaigonga ubavuni kwa mwiko. Penseli ikiruka, pini ya ndani imepiga, na kama ingekuwa na risasi, ingefyatuka.

Nilivuta. Nikagonga. Penseli ilitulia. Nikagonga kwa nguvu mpaka mke wangu akaniangalia. Nikabadilisha penseli, nikidhani ile ya kwanza ni nene. Mgeni alikunywa chai yake kimya, na hata kimya chake nilikishuku.

"Na ya kwako?" mke wangu akauliza.

"Ya kwangu naijua."

"Ijaribu basi, shemeji aone."

Nikaitoa kabatini kwa mbwembwe, nikaondoa risasi, nikampa mgeni naye athibitishe kuwa ni tupu. Nikaikoki, nikafunga kizuizi, nikatia penseli. Nikavuta triga: kimya. Nikatabasamu. Nikagonga mara moja, tena kwa upole.

Penseli iliruka mpaka darini.

Mgeni akaichukua bastola yangu, akainusa. "Unatia mafuta gani?"

"Ya nazi. Nyumbani kwetu hata cherehani tulitia hayo."

"Yameganda ndani, bwana. Yamekuwa gundi. Kipande kinachoshika nyundo ya kupigia pini hakirudi mahali pake. Kimeshikilia kwa ukucha tu."

Ndipo mke wangu akaweka kalamu nyekundu chini.

"Wewe huiweki sandukuni," akasema. "Unairusha, upate kuwahi. Mashindano yaliyopita, kule bonde la Miteja, ilidunda ikageuka. Mtutu ukanielekea mimi. Niliuruka, nikaendelea na saa. Wewe hukugeuka nyuma."

Niliona aibu, na chini ya aibu niliogopa, nikamwambia hivyo hivyo, mbele ya mgeni. Mtu niliyechunguza hata viatu vya watu, kitu pekee ambacho sikuwahi kukichunguza ni mkono wangu.

Baadaye nikamwambia mgeni, bila kumtazama, kwamba bastola yake nimeikubali.

Aliirudisha kwenye kitenge, akakifunga fundo, akakipakata.

"Mimi bado sijakukubali wewe," akasema. "Una sanduku hapa? Nataka nikuone unavyoiweka."

Mke wangu alishasimama, saa mkononi. Nikaenda uani kulichukua sanduku.