Sahani Niliyoisingizia

Mwanangu, siku hiyo naikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka, na nitaanza kwa kuwataja wote waliokuwapo. Alikuwapo Maman Nabintu, jirani yetu mjane, amesimama mlangoni pangu na sahani iliyofunikwa. Alikuwapo Maman Zawadi wa nyumba ya chini, ameketi uani akichambua maharage. Alikuwapo Papa Cirhuza, fundi aliyenifundisha kushona, ambaye alipita kunisalimu baada ya misa. Na nilikuwapo mimi, Bisimwa, mtu wa miaka thelathini, na simu mkononi. Ilikuwa Jumapili, hapa hapa Kadutu, mjini Bukavu, kwenye parseli hii, kiwanja cha nyumba kadhaa, ninamoishi mpaka leo.

Usidhani nakuita mwanangu kwa sababu ya mvi, sina nyingi. Mimi ni kifungua mimba. Baba na mama walitutoka mwaka mmoja, nikiwa darasa la sita, na nyuma yangu wadogo watatu. Niliacha shule siku ya Ijumaa. Jumatatu nilikuwa mbele ya mashini ya Papa Cirhuza, nikijifunza kupitisha uzi kwenye sindano. Aliyeachiwa wadogo huzeeka kabla ya siku zake, ndiyo maana hata watu wazima wa mtaa huu huniita Yaya, yaani kaka mkubwa.

Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Miaka ile yote Maman Nabintu alikuwa nasi. Alikuwa akikaanga mandazi kando ya barabara. Hakuwa ndugu yetu. Yeye wa Mumosho, sisi asili yetu Bunyakiri. Hata hivyo, akipika sombe, majani ya muhogo, alitupimia, na akisonga bugali alisonga kana kwamba ana watoto wanne zaidi. Hakuwahi kututajia wema wake hata siku moja.

Wadogo walikua. Furaha aliolewa Lusaka. Amani alifuata kazi Kampala. Neema, kitinda mimba, alikwenda kusoma Kisangani. Niliwasindikiza mmoja mmoja, na kila mara nilirudi nikiwa na furaha ya mkulima aliyevuna. Kisha siku moja niliingia ndani nikakuta vitanda vitatu vimetandikwa, na hakuna wa kuvivuruga.

Furaha ndiye aliyenitumia simu kubwa, ili tuonane. Tukafungua kikundi chetu, sisi wanne. Mwanzoni ilikuwa sherehe. Baadaye kila mmoja akapata shughuli zake, nami nikabaki mlinzi wa kikundi. Nilikuwa natazama nani yuko hewani na nani ameondoka. Nilirudia video ya mtoto wa Furaha akianza kutembea, nikairudia tena, mpaka nikajua ataanguka wapi. Mega za intaneti zikiisha nilinunua nyingine, na zikiwapo nilitazama hata mambo ya watu nisiowajua, ili mradi nyumba iwe na sauti.

Ikawa desturi. Saa tisa alasiri Maman Nabintu ananiletea sahani. Naacha mashini, nakula kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika simu, kichwa kimeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Chakula kinaisha, mimi bado nimeinama, mpaka giza linaingia.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Macho yaliwaka kama yametiwa pilipili. Shingo ikakakamaa. Kichwa kiliuma kuanzia kisogoni hadi juu ya jicho, kisha kizunguzungu, kisha kichefuchefu, na siku nyingine nilitapika kila nilichokula. Nilikwenda kituo cha afya wakanipima damu. Malaria hakuna, homa ya tifo hakuna. Muuguzi aliniuliza kama ninapumzisha macho. Nikadhani anazungumzia usingizi, nikamjibu ndiyo.

Mwanangu, wewe ni wa hapa, unajua kwetu mtu akiumwa na vipimo visione kitu, watu husema nini. Husema amelishwa karuho, ile sumu ya polepole. Maman Zawadi aliniuliza swali moja tu, kwa huruma kabisa.

“Yaya, chakula unakulaka ni ya nani?”

Nikahesabu. Karibu kila siku naletewa sahani, na kila baada ya sahani naumwa. Siku ambazo sikuletewa nilikuwa na kazi nyingi, sikushika simu wala sikuumwa, lakini hiyo simu sikuihesabu. Nilihesabu sahani peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako, nasi hutazama mlango wa jirani.

Basi Jumapili ile Maman Nabintu alifika mlangoni, akafunua sahani. Mvuke wa bugali ukapanda. Pembeni sambaza wa kukaanga, dagaa wa ziwa letu, niliowapenda tangu utoto.

“Kula ikiwa moto,” akasema. “Na ile simu iweke chini kidogo. Haina miguu, haitakimbia.”

Papa Cirhuza akacheka. Mimi sikucheka. Nilisema, na nilisema kwa sauti ya kusikika uani kote:

“Maman, onja kwanza weye.”

Kwa mgeni hayo ni maneno matatu manne ya kawaida. Kwetu ni kumwita mtu muuaji. Mikono ya Maman Zawadi ilisimama juu ya maharage. Papa Cirhuza aliniita jina langu, mara moja tu, kama unavyomwita mtoto aliyekaribia moto.

Maman Nabintu aliondoka mlangoni. Kisha akaketi juu ya jiwe la kufulia, akaweka sahani magotini, akaanza kula. Hakuonja; alikula. Alimega tonge baada ya tonge, bila haraka, akatafuna sambaza mpaka vichwa vyao, akafuta mchuzi kwa tonge la mwisho. Alipomaliza aliosha sahani kwenye bomba, akaikung'uta maji.

“Umeona, mutoto wangu,” akaniambia. “Sasa weye ndiye utalala na njaa.”

Akaenda zake.

Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa. Kufikia Jumanne habari ilikuwa imeshuka mteremko wote. Kina mama waliwakataza watoto wasinunue mandazi yake. Beseni lililokuwa likirudi tupu saa tatu asubuhi likaanza kurudi jioni, limejaa. Alivumilia mwezi mmoja. Kisha akafunga mizigo yake miwili, akarudi Mumosho kwa kaka yake. Asubuhi alipoondoka nilimsikia akiwaaga watu uani, mlango kwa mlango. Mlango wangu aliupita. Sikutoka. Nilikuwa natazama simu. Ilionyesha kwamba Neema anaandika, nami nilikuwa nangoja amalize. Aliandika kwamba amechoka, tutaongea kesho.

Na ugonjwa, je? Uliendelea kama kawaida. Nilikuwa napika mwenyewe, nakula mwenyewe, nimeinama mwenyewe, natapika mwenyewe. Nikajiambia sumu ya zamani haijatoka mwilini.

Wiki chache baadaye simu ilianguka kwenye beseni la maji nililolowekea kitambaa. Fundi wa simu akasema kioo kipya kitatoka Uganda. Nilikaa siku kumi na moja bila simu. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikasikia kutu ikila bati. Lakini siku ya tatu niliamka kichwa chepesi. Siku ya tano shingo ilizunguka. Nikala, chakula kikakaa tumboni. Kioo kikafika, nikachukua simu kwa pupa, nikainama nayo kuanzia saa tisa, na kabla ya jioni nilikuwa mlangoni natapika.

Nilifuta mdomo, nikaketi pale pale chini. Nilielewa yote kwa mpigo mmoja, na ningependa kutoelewa.

Nilikwenda kwa Papa Cirhuza nikamweleza. Hakushangaa. Aliniuliza alinifundisha nini juu ya kushona nguo nyeusi za matanga kwa uzi mweusi. Nilikumbuka. Kila mshono mrefu ukiisha, inua kichwa, tazama ziwani mpaka uuone mtumbwi, ndipo urudi kwenye kitambaa. Fundi asiyeinua kichwa hutapika mchana kweupe.

“Ile simu ni nguo nyeusi,” akasema, “na mushono yake haina mwisho. Shingo yako hainishangaze.”

Akavua miwani.

“Kichwa yako itapona, Bisimwa. Kidonda ya Maman Nabintu, nani ataiponesha?”

Sikwenda Mumosho wiki ile, wala mwaka ule. Aibu ni mzigo unaoongezeka uzito kila unapoutua njiani. Nilituma salamu kwa watu, salamu ambazo hazikusema kitu. Mtaani nilisema ukweli kwa kila aliyetaka kusikia, lakini watu hupenda uongo wa kwanza kuliko ukweli wa pili. Papa Cirhuza alipofariki ndipo nilipopanda gari la Mumosho.

Nilimkuta Maman Nabintu amezeeka. Alinipa kiti. Nilipiga magoti kabla ya kukikalia, nikasema nilichofanya, chote, bila kumtaja Maman Zawadi. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Nilikusamehe siku ile ile,” akasema. “Lakini mukono yangu bado. Nikifikiri kukuletea maji, inakataa. Uzoee kuja, tutaona.”

Mgeni kwetu hupewa maji kabla ya habari. Mimi nilipewa habari tu. Nimekwenda mara nyingi tangu siku hiyo. Huniuliza Furaha ana watoto wangapi, Neema ameolewa wapi. Hunipa kiti kile kile, maji bado.

Basi, mwanangu, sikuambii utupe simu. Ndugu zangu wamo humo, nami bado nawapenda. Lakini macho yakiwaka na kichwa kikigonga, jiulize kwanza umeinama tangu saa ngapi. Inua kichwa utazame mbali: ziwa, vilima vya kisiwa cha Idjwi, mtu anayepita. Mwili ukiendelea kulalamika, nenda kwa daktari umwambie ukweli wote, na saa za simu umwambie. Chakula kikija, kiweke mbele yako peke yake, na aliyekileta umtazame usoni. Upweke usiutibu kwa kioo mlango ukiwa unagongwa. Na usimtaje mtu kwa ubaya kwa sababu tu hujajua kinachokuuma. Na kama umekwisha kumtaja, nenda kesho asubuhi, usingoje miaka kama mimi.

Mungu akulindie macho yako yaone mbali na karibu. Akupe shingo inayogeuka, usingizi mtamu, na jirani asiyechoka kukubishia hodi. Chakula chako kikukute na watu.

Mimi Jumamosi hii nakwenda Mumosho. Sitaomba maji. Nitaketi, nitaongea naye mpaka gari la mwisho, kisha nitarudi Bukavu na kiu yangu.